Kitanda Nje, Moto Nyuma

Mbeya, 18 Novemba 1974

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na paa la ofisi limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimesogeza meza.

Ndugu Saulo, mkuu wangu hapa ofisi ya utamaduni, ameniita kuniambia kwamba mwakani ni mwaka wa wanawake dunia nzima na mkoa umeagizwa ufanye jambo. Yeye alikuwa ameshaamua: vikapu, vyungu na ngoma. Nikamwambia vikapu tulishaonyesha Sabasaba. Tufanye maonyesho ya picha zilizopigwa na wanawake, tena wanawake wa mataifa mengine wanaoishi huku kwetu, tuone wao wanatuonaje.

"Mwanamke mpiga picha utamtoa wapi Mbeya hii, Verediana?"

"Hiyo picha yako ya ukutani, uliyovaa tai, nani alikupiga?"

Akageuka kuitazama kama mtu aliyesahau kuwa ipo. Ni Hansa, yule mjane wa Kihindi mwenye studio. Mji mzima huu umepigwa picha na Hansa. Ndugu Saulo akacheka, akasema haya, andika mapendekezo. Ni mtu mwepesi kufanya naye kazi. Hapendi makelele.

21 Novemba

Nimekwenda kwa Hansa. Mumewe alipofariki, mashemeji walitaka studio ifungwe. Yeye alimaliza msiba, akafungua mlango, akasimama nyuma ya kamera. Watu humwita Mama Studio. Mashemeji wote wameshahamia Uingereza baada ya Wahindi kufukuzwa Uganda; yeye amebaki, kazaliwa hapahapa nyuma ya soko.

Nilidhani atanionyesha maharusi. Akaleta kopo la biskuti limejaa picha za Usangu: Wasukuma waliohamia kule karibu na Chimala na ng'ombe wao. Mzee Nkuba amesimama katikati ya pembe, haonekani miguu. Binti yake Kashindye anacheka, macho kafumba kwa vumbi. Hansa huenda huko mwenyewe na Peugeot yake, Jumapili.

"Hizi hakuna mtu ananunua," akasema. "Napiga tu. Wale watu hawaniulizi naondoka lini."

5 Desemba

Daktari wa kike wa kambi ya Wachina wanaojenga reli amekuja na mkalimani. Ameleta picha alizopiga kijijini kwa mama yake: theluji imefika madirishani, bibi mmoja anafagia paa. Nimefurahi hadi nimesahau kumkaribisha chai.

6 Desemba

Mvua kutwa.

11 Desemba, Mafinga

Nimefika jioni, miguu imelowa. Kuanzia Nyololo tulitambaa nyuma ya lori la magogo kwa sababu dereva hakuthubutu kulipita kwenye ukungu.

Mwenyeji wangu ni Sista Birgit, nesi Mdenishi wa hospitali moja ya misheni huku Mufindi. Ni mrefu na mkimya, na Kihehe chake kinanishinda mimi Mbena. Picha zake anazisafisha mwenyewe kwenye stoo ya dawa. Amenionyesha akina mama wanaosubiri kujifungua, wamekaa kwenye ukuta juani, na mmoja ananyonyesha huku anasoma gazeti. Nilikuwa nachagua kwa furaha. Halafu akatoa bahasha nyingine.

"Hizi sijui kama utazitaka."

Alizipiga Septemba, siku watu wa bondeni walipohamishiwa kijiji kipya. Habari hizo nani hajazisikia. Redioni walisema wananchi wamehama kwa nderemo.

Picha moja sijaweza kuirudisha kwenye bahasha. Kuna kitanda cha chuma katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa, kichwani kina maua ya chuma. Upande mmoja wa kitanda ameketi mama mtu mzima, amevaa vizuri, mikono imekunjwa, kama anayesubiri basi. Nyuma yake paa la nyasi linawaka. Kati ya mama na moto amesimama kijana mwenye kofia, mkononi ana mwenge wa nyasi, nao unawaka. Anacheka na mtu asiyeonekana. Uso uko wazi kabisa, hata mwanya wa meno ya mbele unauona.

"Alikuona?" nikamwuliza.

"Alinisalimia. Aliuliza kama hospitali ina dawa za kutosha."

16 Desemba, Mbeya

Mkalimani wa Wachina amerudi, peke yake. Ametabasamu, amesema daktari anaomba picha zake, kuna kosa dogo limetokea. Nimeuliza kosa gani. Ametabasamu tena. Nimempa. Baada ya kuondoka ndipo nikaona ameandika jina langu kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino.

16 Januari 1975, Mafinga

Nilimwambia Sista Birgit kwamba picha ile siwezi kuitundika bila kumwona mwenyewe aliyemo. Leo amenipeleka.

Kijiji kipya bado hakina jina, kina namba tu: Namba Saba. Nyumba zimepangwa mstari mmoja kwenye mteremko mtupu, na maji ya mvua yanapita katikati yake kama mfereji. Mama wa kwenye picha huitwa Mama Yotamu. Ni mjane. Mwanawe, huyo Yotamu, anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, Sao Hill.

"Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia, akafurahi kusikia mimi ni Mbena. Akanipa kigoda, yeye akakaa kwenye kitanda, kilekile. Nyumba yenyewe haina nafasi ya kitu kingine.

Nilimpa picha. Kwanza aliitazama nyumba. Akaweka kidole pembeni ya moto. "Hapa palikuwa pa kuku," akasema. Kisha akauliza itatundikwa wapi.

"Mbeya. Halafu Iringa mjini."

"Wakubwa wataiona?"

"Wataiona."

Akaitazama tena picha. Mvua ilikuwa imeanza tena, na Sista Birgit alisimama mlangoni anatazama njia.

"Mimi nikate," akasema. "Yeye mwache."

"Unamjua, mama?"

"Ezekia. Mimi na mama yake tulichota maji kisima kimoja. Siku ile nilimwambia, baba, ngoja nitoe kitanda, nacho mume wangu alikipata kwa kazi ya miaka kwa Wazungu wa chai. Akaniambia haya mama, toa. Wenzake wakanisaidia kukibeba. Halafu akawasha." Akanirudishia picha. "Hakunitukana. Ningekuwa nimetukanwa, ningejua la kusema."

Wakati tunaondoka watu walisimama milangoni mwao, mstari mzima. Hakuna aliyetusalimu. Huku kwetu hata mgonjwa husalimu.

3 Februari, Mbeya

Hansa ameikuza picha ile kutoka kwenye negativu ya Sista Birgit na amemkata Mama Yotamu, kama alivyotaka. Kimebaki kitanda nusu, kijana na moto. Tulisimama kwenye taa nyekundu tukimwangalia akitokea polepole ndani ya maji, meno kwanza.

"Huyu kijana mzuri," akasema Hansa. "Angekuja studio, ningemweka dirishani." Akaitundika ikauke. "Vere, wewe una kwenu. Mimi kwangu ni hapa tu, halafu kila mtu anafikiri si hapa. Unajua tunafanya nini?"

Nilisema najua. Naandika hapa kwamba sikuwa na uhakika.

10 Februari

Ndugu Saulo ametaka kuona picha zote kabla hazijawekwa fremu. Alipofika kwenye ile akaishika muda mrefu.

"Ajali?"

"Ni moto, Ndugu."

"Nimeuliza kama ni ajali."

Akailaza mezani, uso chini, akaanza kuzungumza mambo mengine. Iringa tutapokelewa vizuri, akasema. Anayeshughulikia mapokezi ni kijana mmoja aliyepandishwa karibuni kutoka kwenye operesheni ya kuhamishia watu vijijini, Ndugu Ezekia. Mchangamfu sana. Ana mwanya.

Akaniangalia. Kisha akachukua kofia akaenda kula. Nimekaa nikijiambia akina Ezekia ni wengi. Na Ndugu Saulo huyu, niliyedhani ana moyo, ni mtu anayeilaza picha kifudifudi akaenda kula.

11 Februari

Nimeirudisha kwenye fungu la picha za kutundika. Nilishampa yule mama neno langu kwamba wakubwa wataiona.

24 Februari

Mvua. Ukungu haujaondoka mlimani wiki hii. Nguo hazikauki.

8 Machi

Tumefungua. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye ngazi na miavuli. Mzee Nkuba alikuja kutoka Chimala kwa lori la mpunga, na Kashindye, na wajukuu. Kashindye alijitazama ukutani akamwambia Hansa, "Mama Studio, umeniweka na vumbi lote." Watu wakacheka sana. Mzee Nkuba yeye aliwataja ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, mbele ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi ikabidi asubiri.

Sista Birgit alikuja na gauni, mara ya kwanza namwona na gauni. Picha ya moto niliitundika karibu na mlango, na maneno haya tu: "Mufindi, Septemba 1974." Wengi waliipita. Mzee mmoja wa Kisafwa alisimama mbele yake, akavua kofia, akaivaa, akatoka nje.

14 Machi

Amekuja.

Nilikuwa peke yangu ukumbini nafuta vioo. Nikasikia mtu anakung'uta matope mlangoni kwa adabu, muda mrefu, kama anayeogopa kunichafulia. Koti la mvua, kofia mkononi. Akasema yeye ni Ndugu Ezekia wa Iringa, kaja kutazama mzigo anaotarajia kuupokea. Nilimjua kabla hajafungua kinywa.

Alizunguka picha zote kwa utaratibu. Aliwasifu ng'ombe. Aliuliza Hansa ni raia wa wapi. Akafika mlangoni akasimama.

"Picha nzuri. Kapiga nani?"

"Mpiga picha wa huko Mufindi."

"Mmenitoa vizuri." Akasogea karibu, pua ikakaribia kioo. "Na Mama Yotamu mmemkata kwa nini?"

Nikasema sijui anamzungumzia nani.

"Dada Verediana," akasema, nami sikuwa nimemtajia jina langu. "Kitanda hiki mimi nimekibeba kwa mikono yangu. Tarafa nzima kitanda chenye maua ni hiki kimoja. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nachungulia mlangoni nikione." Akavaa kofia. "Si vizuri kumkata mtu mzima. Mtaniletea picha kamili. Nataka aonekane na yeye."

Akaniaga kwa mikono miwili.

17 Machi

Sista Birgit ameambiwa kibali chake kimekwisha na aondoke nchini wiki hii. Kumi na wawili kati ya watoto aliowazalisha mwezi huu wamepewa jina lake au la mama yake, aliniambia kwenye simu ya posta, halafu simu ikakatika.

19 Machi

Wamepekua studio ya Hansa. Walikuwa watatu, wapole. Walisema kuna taarifa kwamba anapiga picha madaraja ya reli. Hawakukuta daraja, wamekuta ng'ombe. Lakini wameondoka na negativu zote za Sista Birgit na kila kilichokuwa kwenye kamba, na ile picha kamili, Mama Yotamu akiwemo.

Nilimkuta ameketi kwenye kile kiti anachokalia mteja, mbele ya pazia lililochorwa maua.

"Walinishukuru," akasema. "Mmoja aliniomba nimpige pasipoti. Nimempiga."

20 Machi

Mvua usiku na mchana. Nimemwomba Ndugu Saulo ruhusa ya kwenda Mufindi kumwonya Mama Yotamu. Amekataa. Nimemwuliza yeye ni mtu wa namna gani. Amesema, "Mimi ni mtu mwenye ofisi inayovuja na wafanyakazi wanne. Kaa hapa." Sijawahi kumchukia hivi mtu niliyekunywa naye chai.

26 Machi, Mafinga

Nimekuja bila ruhusa. Barabara ilikatika mbele ya Chimala tukasubiri maji yapungue, abiria tumekaa chini ya turubai na magunia ya mpunga. Namba Saba sikufika. Nilimkuta Yotamu mwenyewe hapa Mafinga, kasimama nje ya mashine ya mbao, hana pa kwenda. Ni kijana mnene, mpole, vumbi la mbao bado lipo kwenye nyusi.

"Wamenisimamisha," akasema. "Wanasema nitarudishwa. Inategemea mama."

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Anafundishwa maneno ya kusema. Wamemletea kanga mpya." Akatazama huku na huku. "Dada, nakuomba. Wewe unakuja na kamera, na gari, na wageni, halafu unarudi kwenu. Usije tena."

Sikuwa na kamera. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona ni jambo la kipuuzi kulisema.

5 Aprili, Mbeya

Masanduku yameondoka kwenda Iringa. Ndugu Saulo kasema maelezo ya picha yataandikwa hukohuko na mimi nitayasoma siku ya ufunguzi. Hilo ni agizo. Hansa amenitengenezea chai yenye tangawizi.

13 Aprili, Mafinga

Naandika kwa penseli nyuma ya mwaliko wa maonyesho, nitayahamishia kwenye daftari nikitoka humu. Niyaandike ya jana sawasawa.

Ukumbi wa Iringa ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi. Mvua ilikuwa nzito juu ya mabati, wasemaji walikuwa wanapaza sauti. Picha za Hansa za Usangu ziliwekwa nyuma, karibu na vyoo. Zile za wajawazito za Sista Birgit hazikuwapo, wala jina lake. Katikati ya ukuta, kubwa kama mlango, ilikuwa picha ile, kamili. Mama Yotamu kitandani, moto, Ezekia. Chini yake kadi, maandishi ya mashine. Nilipewa nakala niisome.

Iliandikwa: "Moto wa bahati mbaya. Ndugu Ezekia akiokoa mali ya mwananchi, Septemba 1974."

Na Mama Yotamu alikuwepo. Walimweka kwenye kiti kando ya picha, kanga mpya bado ina mikunjo ya dukani. Yotamu alisimama nyuma yake, kavaa shati la kazini. Ezekia alikuwa akimwinamia kila mara kumwuliza kama anasikia baridi. Watu walitazama picha, wakamtazama yeye, wakatikisa kichwa kwa kusifu. Wapo waliompa Ezekia mkono.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma kadi za Hansa zote. Nilipofika kwenye ile niliyaacha maneno ya kwenye kadi. Nikasoma: "Mufindi, Septemba 1974." Nikakunja karatasi.

Ezekia akatabasamu. "Dada ameruka mstari," akawaambia wageni. "Si neno. Mwenyewe yupo. Mama, waambie siku ile ilikuwaje."

Mama Yotamu akasimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Akasema alivyofundishwa: kwamba anashukuru, kwamba moto ulianzia jikoni, kwamba kijana huyu alimsaidia kutoa kitanda. Aliyasema taratibu, kwa Kiswahili cha kukariri, na watu wakapiga makofi. Nilimwangalia Yotamu, alikuwa ameinamisha uso.

Makofi yalipokwisha Mama Yotamu hakukaa.

"Na nyie wenye macho ya kusoma," akasema, sasa kwa sauti yake, "mimi sioni vizuri. Hebu nisaidieni. Mkononi ameshika nini?"

Ukumbi mzima ukageuka kwenye picha. Kila mtu aliona mwenge wa nyasi, na ndimi za moto juu yake, na kile kicheko. Mgeni rasmi akaanza kutafuta mwavuli wake.

"Mama amechoka," akasema Ezekia. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limesahauliwa usoni. "Apelekwe nyumbani apumzike."

Landirova ilikuwa imeshawashwa nje. Walimtoa kwa kumshika viwiko, kwa heshima, kama wanavyomshika bibi harusi. Yotamu walimzuia mlangoni. Nami nikaona hivi: mama akiingia mle peke yake, hakuna atakayeweza kusema baadaye alishushwa wapi. Nikatembea mpaka kwenye gari, nikafungua mlango, nikakaa kando yake. Dereva aliniambia shuka. Nikamwambia mimi ndiye mwenye maonyesho, mgeni huyu ni wangu. Akamwangalia Ezekia. Watu walikuwa wametoka barazani wanatazama. Ezekia akafanya ishara ya kidole, nendeni.

Njiani Mama Yotamu alinishika mkono. Njia ya kushuka Namba Saba tuliipita. Nilimwambia dereva tumeipita. Alipangusa kioo kwa kiganja akaendelea.

Tumeletwa hapa, chumba nyuma ya ghala la mbolea nje ya Mafinga. Mlango umefungwa kwa nje. Hakuna aliyetupiga wala kutuuliza lolote, na hilo ndilo linalonitisha. Mama Yotamu amelala juu ya magunia, kanga mpya kaikunja akaiweka mbali. Mimi sijui kama Jumatatu nitaandika.

16 Aprili, Mbeya

Tumetoka.

Jana tulisikia gari, nikajua ndio wenyewe wamekuja. Mama Yotamu alijifunga kanga yake ya zamani, akaniambia nisimame nyuma yake. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale, suruali imejaa matope hadi magotini, alikuwa Ndugu Saulo.

"Nimekuja kumchukua mfanyakazi wangu na mgeni wake," alikuwa akimwambia mlinzi. Sauti yake ilikuwa ileile ya ofisini. "Wageni wa mwaka wa wanawake wanamwulizia huyu mama. Wameshataja jina lake mpaka Dar es Salaam. Wewe unaitwa nani, nikaliandike?"

Mlinzi hakutaka jina lake liandikwe popote. Akatuacha.

Nyuma ya Ndugu Saulo ilikuwa Peugeot ya Hansa, Hansa kwenye usukani, Yotamu kiti cha nyuma amelala kwa uchovu. Yotamu alikuwa amepata lifti ya lori la mbao mpaka Mbeya kuwaambia. Ghala wamelipata kwa kuuliza kila kibanda cha barabarani Landirova ilielekea wapi.

Tulipokuwa tumevuka Nyololo nilimwuliza Ndugu Saulo kama hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyetaja jina.

"Hakuna," akasema. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Siku ile nilikwambia ana mwanya. Ulidhani napiga soga?"

Nilitaka kumwomba radhi. Alikuwa ameshaanza kumlalamikia Hansa kuhusu breki.

21 Aprili

Mama Yotamu na mwanawe tumewapeleka kwa mama yangu, vijijini Njombe. Nafasi ipo, shamba lipo, na hakuna anayewajua. Kitanda kimebaki Namba Saba. Mama yangu amempa Mama Yotamu kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na jembe, na walipoachwa walikuwa tayari wanabishana kuhusu kupanda maharage.

Nimepewa barua ya kuhamishwa Rukwa. Ndugu Saulo anastaafishwa kwa manufaa ya umma. Anasema atafuga nyuki.

28 Aprili

Hansa anafunga studio. Leseni haikufanywa upya. Amempa Kashindye kamera moja ndogo na akamfundisha kuweka filamu. Yeye anakwenda kwa shemeji zake, mji asioujua, na ananiuliza mimi kama kule kuna baridi.

4 Mei

Mvua zimekatika. Leo jua limewaka kutwa na mlima unaonekana mpaka juu.

Ndugu Saulo amekuja nyumbani kwangu kwa miguu, asubuhi, ingawa ofisini hana kazi tena. Hakutaka kukaa. Amesema jana usiku redio imesoma majina ya waliopangiwa vituo vipya. Operesheni inaanza Njombe kiangazi hiki, nyumba zilizotawanyika zitakusanywa. Aliyepewa kuisimamia ni Ndugu Ezekia, kwa kazi nzuri aliyoifanya Mufindi.

Nikamwuliza kama ana uhakika na jina.

"Nimelisikia mara mbili," akasema. "Taarifa ya jioni na ya usiku."

Kwa mama hakuna simu. Barua itachukua wiki. Nimeshamwambia mwenye nyumba sifahamu nitarudi lini, nimefunga mfuko, na Ndugu Saulo amekwenda mbele stendi kunishikia nafasi kwenye basi la Njombe. Rukwa watanisubiri.